Ng'ombe ndani ya kisanduku cha kutafutia

Daftari ninalolichambua ni la mwongoza watalii wa Karatu. Liko ndani ya Obsidian, programu inayohifadhi kila andiko kama faili ya maandishi ya kawaida kwenye folda ya kompyuta. Kwa kuwa faili haikufungiwa kokote, programu nyingine inaweza kuisoma. Tuliyoichagua ni ripgrep, iliyotolewa na Andrew Gallant mwaka 2016. Huendeshwa kwa amri ya kuandika, haina madirisha wala vitufe, na haihitaji intaneti.

Obsidian ina utafutaji wake, na si mbaya. Ila unaishia kwenye folda yake tu, wakati orodha za ndege na ratiba za misimu iliyopita ziko nje. Isitoshe, tulitaka neno lipitie kanuni zetu kabla ya kutafutwa. Ukiandika faru upate pia kifaru, vifaru na Faru Fausta, yule kifaru aliyekufa Ngorongoro Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Kwa hiyo chaguo la -w la ripgrep, linalodai neno zima, tuliliacha: Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, na -w huwaacha vifaru wote nje. Bonde la Olduvai, ambalo wengine huliandika Oldupai, likawekewa ruwaza Oldu[vp]ai.

Kazi ilikuwa kwa ng'ombe. Tangu 1959 hifadhi ya Ngorongoro imekuwa ardhi ya mifugo na wanyamapori pamoja, hivyo ng'ombe wamejaa daftarini. Sasa ritifaa iliyo katika neno hilo ndiyo alama ambayo sheli ya kompyuta, yaani programu inayopokea amri, hufungia maneno. Ukiiunga amri iwe rg 'ng'ombe', sheli huona nukuu imefungwa baada ya ng, kisha nyingine imefunguliwa bila kufungwa, nayo hukataa. Programu-jalizi yetu, inayounganisha Obsidian na ripgrep, basi hutumia execFile, inayoikabidhi ripgrep kila neno moja kwa moja bila kupitia sheli. Hata kama lugha yetu isingekuwa na ritifaa ningefanya hivyo hivyo, maana ukiiachia sheli, mtu anaweza kuandika amri ya kufuta faili kwenye kisanduku cha kutafutia na ikatekelezwa.

Baadhi ya simu nazo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda. Ruwaza ikawa ng['’]ombe, majibu yakaja, lakini rangi ya njano inayoonyesha neno lililopatikana ikavuka mwisho wa neno kwa herufi mbili. Ripgrep huhesabu baiti, JavaScript huhesabu herufi. Ritifaa ya kupinda ni herufi moja yenye baiti tatu. Ilibidi kuzigeuza hesabu hizo kabla ya kupaka rangi. Jambo dogo, lakini mtumiaji akiona rangi imekaa vibaya huacha kuamini hata majibu sahihi.

Pia ripgrep isipopata kitu hurudisha namba 1, na execFile huichukulia kuwa hitilafu. Hitilafu ya kweli ni 2. Zitenganishe, la sivyo kila utafutaji usio na jibu utaonekana kama programu imeharibika.

Kwenye simu haya yote hayafanyi kazi, kwani Obsidian ya simu haiwezi kuendesha programu za nje. Yaliyoandikwa kwa simu kwenye kreta ya Ngorongoro husubiri hadi yafike kwenye kompyuta. Ukitengeneza programu-jalizi yako, ijaribu kwanza kwa ng'ombe walioandikwa kwa simu, kabla hujahangaika na mwonekano wa vitufe.