Mguu wa Jasi Si Kalibu

Kosa lilifanyika kabla ngozi haijakatwa. Mlioitazama ile video ya kijana anayejitengenezea mabuti nyumbani, irudisheni nyuma hadi pale anapopasua bendeji za plasta, anatoa mguu mweupe wa jasi, anaupitishia msasa kidogo, anausimamisha mezani na kutangaza kwamba kalibu, lile umbo ambalo kiatu hujengwa juu yake, imekamilika. Haikukamilika. Haikuwa hata imeanza. Alichokuwa nacho mezani ni sanamu ya mguu, na sanamu ya mguu, hata ikiwa sahihi hadi kwenye kucha, haizai buti la kuvalika.

Kazi iliyofuata ni nzuri: ngozi ameichagua vyema, kingo kazipunguza kwa kisu kikali, na mshono wake wa sindano mbili kwa uzi uliopakwa nta hauna dosari.

Lakini mshono ndio uliosifiwa na kila mtu, na hapa narudia neno ambalo sitachoka kulirudia. Tunasifia mshono kwa sababu tunauona. Kalibu hutolewa ndani ya kiatu, huwekwa rafuni, na mnunuzi hajui hata kama iliwahi kuwapo. Ilhali urefu, upana, kina, namna kisigino kitakavyoshikwa, mahali soli itakapokunjika, yote yamo ndani ya kalibu. Mshono mbaya hufumuliwa ukashonwa upya. Kalibu mbaya haina marekebisho ukishaivutia ngozi juu yake na kuifunga soli.

Tuanze na urefu, maana hesabu yake iko wazi. Kijana alikanyaga karatasi, akazungusha penseli, akapima akapata milimita 265. Kipimo sahihi, na penseli aliishika wima kama inavyotakiwa. Namba tunazotumia madukani, zile za 38, 40 na 42, ni za mfumo wa Kifaransa, ambao kila sentimita 2 ina namba 3, yaani namba moja ni milimita 6.67 hivi. Namba hizo hupima urefu wa kalibu; mguu wenyewe ni mfupi kuliko hapo. Namba 42 ni kalibu ya milimita 280. Mguu wa milimita 265 unakaa vizuri ndani yake kwa sababu mbele ya kidole kirefu kuna nafasi ya kama milimita 15, na nafasi hiyo ina kazi: mtu akikanyaga, mguu hurefuka na kusogea mbele, na vidole vikikosa pa kwenda hugonga ukuta. Sasa chukua mguu wa jasi wa milimita 265 uufanye kalibu. Namba 40 ni milimita 266.7. Kwa hiyo kijana anayestahili 42 amejishonea 40 iliyopungua, tena plasta aliifunga juu ya mguu mtupu, bila soksi, kwa buti ambalo mwenyewe anasema ni la kuendea porini.

Aliliona hilo? Nadhani aliliona kwa mbali, kwa sababu kuna sehemu anabandika ukanda mwembamba wa ngozi kuzunguka jasi yote, mbele, ubavuni na nyuma kwa unene mmoja. Hapo alizidisha ubaya. Nafasi ya kiatu haigawanywi sawa pande zote. Mbele panataka nafasi, lakini kisiginoni panataka kubanwa. Kalibu nzuri ni nyembamba kuliko mguu pale juu ya kisigino, na imebana kiunoni, kati ya kisigino na viungo vya vidole, kwa sababu nyama ya mguu ni laini na ngozi lazima ishike kitu. Kwenye vidole ni pana na ina kina. Nakala ya mguu iliyonenepeshwa kote inapwaya panapotakiwa kushika, na bado inabana mbele. Ndiyo maana kisigino chake kinapanda na kushuka ndani ya buti katika zile hatua za mwisho, na kamba kazikaza hadi mwisho.

Twende kwenye kisigino, maana hapo ndipo uamuzi wa kuufanya mguu wa jasi kuwa kalibu ulipoharibu buti zima. Bendeji zilifungwa akiwa amesimama sakafuni, mguu bapa, uzito wote juu yake, upinde wa unyayo umekandamizwa. Buti alilokusudia lina kisigino cha milimita 30. Mguu ulioinuliwa kisigino kiasi hicho hauna umbo la mguu uliokanyaga bapa. Kisigino kikipanda, upinde hujikunja, mgongo wa mguu husimama zaidi, vidole hubaki vimelala chini. Unyayo unakuwa na sehemu mbili: mteremko kutoka kisiginoni hadi kwenye viungo vya vidole, kisha ubapa kutoka hapo kwenda mbele. Kalibu lazima iwe na mkunjo huo tangu mwanzo. Ya kwake ilikuwa mstari mmoja ulionyooka toka nyuma hadi mbele, na alipopigilia kisigino, mstari wote ukainamia vidoleni. Ni kama kitanda kilichotiwa matofali upande wa kichwani: mlalaji atateremka tu, hata afanye nini.

Tazameni tena anavyotembea. Mkunjo wa ngozi ulipaswa kutokea kwenye viungo vya vidole, lakini unatokea nyuma yake, mahali ambapo mguu haujikunji. Ncha ya soli inakwaruza ardhi kila hatua, kwa kuwa pua ya buti haina mnyanyuko hata kidogo. Soli nene haikunjiki kama unyayo, kwa hiyo kalibu ya buti huinuliwa pua milimita kadhaa ili hatua ijiviringishe yenyewe. Mguu wa jasi hauna mnyanyuko huo, kwa sababu mguu wa mtu aliyesimama hauelei hewani.

Kinga ya haya yote ilikuwa kipande cha ubao. Ubao wa milimita 30 chini ya kisigino kabla ya kufunga bendeji, mwili ukiegemezwa kidogo kwenye mguu wa pili ili nyama isitawanyike. Kitu cha kuokota karakana yoyote ya seremala.

Na hata angeweka ubao, bado asingekuwa na kalibu. Angekuwa na mali ghafi nzuri. Chini ya mguu ni mviringo: nyama inapinda kutoka ubavuni kuingia unyayoni bila mpaka. Kalibu ina ukingo, mstari mkali unaotenganisha ubavu na chini, na mstari huo ndio unaomwambia fundi ngozi ikunjwe wapi, soli ya ndani ikatwe wapi, na sindano ipite wapi. Kijana hakuwa na ukingo. Alivuta ngozi kwa koleo akakisia. Ndiyo maana soli ya buti la kulia imetoka nje zaidi upande wa kidole kidogo kuliko la kushoto. Mkono ulioshona vizuri vile haukuwa na mstari wa kuufuata. Mabonde kati ya vidole nayo aliyaacha, na ngozi haiingii mabondeni, inaruka juu yake na kukusanya mikunjo pembeni.

Halafu nyundo. Jasi haishiki misumari midogo ya kuvutia ngozi, humeguka. Alikwepa kwa gundi, akafanikiwa. Lakini mguu wa jasi hautoki ndani ya buti lenye shingo ndefu, kwa sababu mgongo wake ni mnene kuliko mdomo wa buti. Kalibu za mbao hukatwa kwa sababu hiyo hiyo: ama kipande cha juu kinatolewa kwanza, ama kalibu nzima ina bawaba katikati, inajikunja na kufupika, kisha inavutwa. Kijana alichukua nyundo akavunja jasi ndani ya buti na kumwaga vipande chini, huku akieleza kwamba kalibu ya mtu mmoja ni ya kutumika mara moja.

Neno hilo limeniudhi kuliko kosa la urefu. Kalibu ya mtu mmoja ndiyo hasa inayotunzwa. Buti la kwanza halikai sawasawa kwa fundi yeyote duniani. Mvaaji hulivaa, hurudi akasema hapa panachoma, fundi hupunguza kalibu pale kwa tupa au huongeza kipande cha ngozi hapa, na buti la pili linakuwa bora. Ukivunja kalibu umevunja na yote uliyojifunza kuhusu mguu ule.

Salvatore Ferragamo alilijua hili kuliko wengi. Mzaliwa wa Bonito, kusini mwa Italia, mwaka 1898, alikwenda Marekani akiwa kijana, akashona viatu vya waigizaji wa filamu California, na alipoona viatu vyake vinapendeza lakini wateja wanaumia, hakukimbilia kubadili mshono. Alikwenda kusomea umbo la mwili wa binadamu. Akagundua kwamba uzito wa mtu aliyesimama hushukia kwenye upinde wa unyayo, akaanza kujenga viatu vyake kuanzia hapo. Alirudi Florence mwaka 1927. Alifariki 1960, na hadi leo jumba la makumbusho lenye jina lake katika jiji hilo linazo kalibu za mbao za wateja wake, akina Greta Garbo na Audrey Hepburn, kila moja ya mteja wake. Fundi aliyewashonea malkia na nyota wa filamu hakuiona kalibu kuwa takataka.

Mwingine ni Jan Ernst Matzeliger, mzaliwa wa Paramaribo, Suriname, mwana wa mwanamke mweusi, ambaye jina lake lingepaswa kujulikana na kila fundi viatu wa Afrika. Katika viwanda vya Lynn, Massachusetts, kila kazi ilikuwa na mashine isipokuwa kuvuta ngozi juu ya kalibu. Fundi hodari wa mkono aliweza jozi kama 50 kwa siku. Watu walisema hakuna chuma kitakachoiga vidole vile. Matzeliger alivitazama vidole vilivyoifuata kalibu hadi akavielewa, na mwaka 1883 akapata hataza ya mashine iliyoweza kufanya jozi kati ya 150 na 700 kwa siku. Leo vijana wana simu inayopiga picha ya mguu pande zote na mashine inayoichapa kwa plastiki, na wengi wanarudia kosa lile lile la jasi: wanachapa mguu, wanauita kalibu.

Mafundi wa zamani niliowaona Kariokor, Nairobi, hawakuwa na plasta wala simu. Walikuwa na kalibu chache za kiwandani, zimechakaa, zimejaa matundu ya misumari. Mteja akija, mzee alichora mguu kwenye karatasi, akazungusha utepe penye viungo vya vidole, kiunoni, kwenye mgongo wa mguu, kisha mzunguko unaopita kisiginoni na kupanda hadi mkunjo wa kifundo. Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha buti; kikikosewa, mguu hauingii au hautoki. Baada ya hapo alichagua kalibu yenye urefu unaofaa na kiuno kinachobana, akagundisha vipande vya ngozi pale mteja alipozidi, akavipiga tupa hadi vikapotea ndani ya umbo. Mkunjo wa kisigino, mnyanyuko wa pua, ukingo, mkato wa kutolea, vyote vilikuwa tayari vimo. Alichoongeza ni mguu wa mteja tu.

Hiyo ndiyo njia ninayomshauri yeyote anayeanza nyumbani. Nunua kalibu ya buti iliyotumika, ya urefu wako na kisigino unachokitaka, ijenge kwa ngozi. Nguvu ziingie penye viungo vya vidole, kwa sababu wengi wetu tuliokulia pekupeku na ndara tuna mguu mpana mbele, na buti za mitumba zilizojaa sokoni zilivutwa juu ya kalibu za miguu mingine. Nimelalamikia mitumba kwa ajili ya hilo miaka mingi. Anayetaka kuchonga mwenyewe atafute mti mkavu wenye nyuzi zilizobana, unaoshika msumari bila kupasuka. Mpingo usijaribiwe, msumari mdogo hauingii. Anayependa plasta afunge plasta, ila akishapata jasi aivishe mabadiliko yote niliyoyataja, kisha aitumie kama kielelezo cha kuchongea mbao. Nguo haikatwi kwa kipimo cha ngozi ya mwili, na fundi cherehani yeyote anajua hivyo.

Kuhusu mabuti yenyewe, kijana, usipoteze muda kuyalowesha na kuyatia miti ya kunyooshea. Ngozi hukubali kupanuka ubavuni kidogo. Urefu haurefuki, soli iliyoshonwa imeushika. Mtafute mtu mwenye mguu wa milimita 250, ambaye namba yake ni 40. Ondoa tabaka za kisigino moja moja hadi buti likae bapa kama jasi ilivyokuwa, weka kipande cha ngozi ndani, nyuma, juu ya kisigino ili pasipwaye, na umpe ayavae.