Asiye nacho si sawa na aliyepokonywa

Neno la Kiingereza 'bereft' limezoeleka mno katika magazeti na matangazo ya lugha hiyo humu nchini. Timu ikicharazwa mabao matatu, tunaambiwa ilikuwa 'bereft' kimawazo. Mwanasiasa akikosa haya, eti naye ni 'bereft'. Wanafunzi wetu wa tafsiri nao hulibandika 'bila' au 'asiye na', kisha wakaenda zao. Mimi nasema: hebu ngojeni kidogo!

Neno hili limetokana na kitenzi 'bereave'. Katika Kiingereza cha Kale, kitenzi hicho kilimaanisha kupora au kunyang'anya. Kina nasaba moja na 'rob', kuiba kwa nguvu, na hata na 'robe', yaani joho, kwa sababu mavazi ya adui aliyeshindwa yalihesabiwa kuwa ngawira. Baadaye kazi ziligawanywa: 'bereaved' likaachiwa mfiwa, na 'bereft' likabebeshwa hasara nyinginezo.

Kwa hivyo, kiasili, huwezi kuwa 'bereft' kwa kitu ambacho hukuwahi kuwa nacho. Huyo mwanasiasa, je, haya alikuwa nayo lini?

Kiswahili hakijashindwa na tofauti hii. Neno 'hana' halituambii lolote kuhusu jana. Kauli ya kutendewa, kinyume chake, inatuambia. Kutokana na 'fa' tunapata 'fia', kisha 'fiwa': kifo ni cha mwingine, pigo ni langu. Vivyo hivyo tuna 'ameishiwa', 'amepungukiwa' na 'ameondokewa'. Palipo na mkono wa mtu, tuna 'amepokonywa' na 'amenyang'anywa'. Mfasiri makini atauliza kwanza: kitu hiki kilikuwapo? Kilikwendaje? Nani alikichukua? Akishapata jibu, ndipo ateue kitenzi.

Mtanionaje, kwamba nachagua nazi kwa kuzigongagonga? Sivyo. Chukueni mfano wa ardhi. Kila siku tunasoma habari za maskwota 'wasio na ardhi', kana kwamba walizaliwa na upungufu huo kama mtu anavyozaliwa na kimo kifupi. Ilhali sheria ya kikoloni ya ardhi ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza. Jamii zilizohamishwa wakati huo hazikukosa ardhi, zilipokonywa. Ukiandika 'wasio na ardhi' umeeleza hali, lakini mporaji umemfutia nyayo. Anayekosa huonewa huruma na kupewa msaada. Aliyepokonywa hudai haki.

Sisemi kila maskini ameibiwa. Wapo ambao kweli hawakuwahi kuwa nacho, nao 'hawana' inawatosha. Ninalowasihi waandishi wetu ni hili: msikimbilie 'bila' kwa kuwa ni fupi. Neno moja la Kiingereza limebeba kumbukumbu ya wizi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Itakuwa ajabu sisi, wenye vitenzi tele vya kuusema wizi huo, tuamue kuunyamazia.