Turubai Begani: Sifa za Mkoba wa Mpigapicha

Katika miaka ya 1970, mpigapicha wa gazeti alitoka ofisini na kamera mbili au tatu, lenzi kadhaa, fleshi, betri na filamu za kutosha siku nzima. Wengi walibeba vifaa hivyo katika masanduku magumu. Sanduku hulinda vizuri likiwa limetulia, ila mpigapicha wa gazeti hatulii: anakimbia sambamba na waandamanaji, anapenya katikati ya mashabiki uwanjani, anapanda ngazi za mahakama kinyumenyume ili asimpoteze mshtakiwa. Kila anapotaka kubadili lenzi, sanduku linamlazimisha asimame, aliweke chini, achuchumae na kulifungua. Akiinuka, tukio limepita.

Jim Domke aliijua adha hiyo kwa bega lake mwenyewe. Alikuwa mpigapicha wa Philadelphia Inquirer nchini Marekani, na mwaka 1975 alibuni mkoba wa turubai la pamba, laini, usio na kiunzi chochote. Uliitwa F-2. Umeendelea kuuzwa kwa miongo mingi ukiwa na umbo karibu lilelile, wakati kamera zilizobebwa ndani yake zimetoka kwenye filamu hadi dijitali na nyingine zimepoteza hata kioo cha ndani.

Sababu ya kudumu huko inaonekana ukiugeuza mkoba wenyewe. Mkanda wa F-2 haukushonewa ncha mbili tu kwenye kingo za juu, kama ilivyo katika mabegi mengi ya bei rahisi. Unateremka ubavuni, unapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Kwa hiyo uzito wa vifaa umekalia mkanda, na kitambaa kinabaki na kazi ya kuvishikilia visimwagike. Katika mkanda huo wa pamba imefumwa mistari ya mpira inayoshika nguo, usiteleze begani mtu anapoinama. Ndani hakuna sponji kila mahali. Kuna kizigeu chenye vyumba vya lenzi, kinachoweza kutolewa. Mkoba unalala kwenye nyonga na kufuata umbo la mwili, na mkono unaingia bila macho kuangalia.

Upande wa pili wa Atlantiki, mambo yalianzia majini. Martin Billingham alianzisha kampuni yake mwaka 1973 katika eneo la West Midlands, Uingereza, akishona mikoba ya wavuvi wa ndoano. Mvuvi wa huko hukaa kutwa kando ya mto huku mvua ikimnyeshea, na kilichomo mkobani hakitakiwi kulowa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 kampuni iligundua kwamba mikoba yake ilikuwa ikinunuliwa New York na wapigapicha, nayo ikageukia kazi hiyo. Kitambaa chake kina tabaka tatu: turubai nje, mpira wa butili katikati, bitana ndani. Bizimu ni za shaba njano na vishikizo ni vya ngozi. Domke alitaka wepesi wa mkono, Billingham alitaka ukavu. Wote wawili walianza na mtu aliye kazini, ndiyo maana mikoba yao inatofautiana sana na bado yote miwili ni mizuri.

Na wote wawili walichagua turubai. Ufumaji wake ni wa kawaida kabisa: mshindio hupita juu ya uzi mmoja wa mtande na chini ya unaofuata. Nguvu inatokana na unene wa nyuzi, ambazo kwa turubai zito husokotwa mbilimbili au zaidi kabla ya kufumwa, na jinsi zinavyobanwa. Turubai linaloitwa namba 10 kwa vipimo vya Marekani lina uzito wa takriban gramu 500 kwa mita moja ya mraba; kitambaa cha shati la kawaida ni gramu 120 hivi. Pamba ina tabia mbili ambazo mabaharia na washona mahema walizitegemea kwa karne nyingi. Ikilowa, uzi wake huvimba na kuziba vitundu vilivyo kati ya mtande na mshindio, hivyo maji hupata shida kupenya. Tena uzi uliolowa huwa na nguvu kuliko mkavu. Ukipakwa nta, ulinzi huo unaongezeka, na nta ikiisha inapakwa tena nyumbani kwa kuiyeyusha kidogo na kuisugua.

Nailoni ina sifa zake: ni nyepesi na haiozi. Lakini nailoni ngumu inayosuguana na shati kutwa hulichakaza shati, na turubai linalochakaa hulainika kabla ya kutoboka, likampa mwenyewe muda wa kulipeleka kwa fundi. Hata rangi yake kupauka kuna faida. Katika stendi ya mabasi, mkoba uliopauka hautangazi kwamba ndani kuna lenzi yenye bei ya pikipiki.

Kitambaa bora kikishonwa vibaya ni hasara tupu, na hapa ndipo fundi anapostahili sifa zake. Mahali mkanda unapokutana na mkoba pana tabaka tano au sita za kitambaa na utepe. Cherehani ya kushonea magauni hupiga kelele na kuvunja sindano hapo. Panahitaji cherehani nzito, sindano nene na mguu unaosukuma tabaka zote kwa pamoja. Fundi mzuri hushona mraba, kisha huukata kwa mishono miwili ya mshazari inayopishana katikati, ili mvuto usiangukie mstari mmoja. Hashindilii mishono. Katika turubai zito, mishono sita hadi minane kwa inchi inatosha. Ikizidi sana, sindano inakuwa imetoboa mstari wa kuchania, kama ule wa ukingo wa stempu. Uzi wake ni wa polista, au wenye moyo wa polista uliozungushiwa pamba, kama wa mahema: polista inabeba uzito, pamba inavimba mvuani na kuziba tundu la sindano. Uzi wa pamba pekee huoza mapema, na mkoba hufumuka ilhali kitambaa bado kizima.

Mafundi wenye mkono huo wapo karibu nasi. Pwani ya Afrika Mashariki imeshona matanga ya majahazi kwa vizazi, na Lamu wapo wanaochukua matanga yaliyochakaa, yenye viraka na madoa ya bahari, wakayakata na kuyashona kuwa mikoba. Nairobi na Arusha, biashara ya safari imelea washonaji wa mahema wanaolijua turubai kuanzia jora hadi pindo la mwisho. Na karibu kila mji wenye malori una fundi wa maturubai. Mtu ambaye mshono wake unahimili upepo wa barabara kuu juu ya shehena ya magunia hawezi kushindwa na kamera mbili.

Pwani yenyewe, hata hivyo, ina masharti yake. Hewa ya chumvi hula chuma kilichopakwa nikeli, kwanza kwenye mikwaruzo, kisha kutu hudondokea kitambaa. Shaba njano hupoteza mng'ao tu. Zipu ni adui mwingine: mchanga wa ufukweni au vumbi jekundu la Tsavo likiingia kwenye meno, mkoba unagoma kufunguka wakati simba ameinuka. Kifuniko kipana kinachoangukia mbele na kufungwa kwa kulabu kinashinda zipu. Kinashinda velkro pia, ambayo mlio wake wa kuchanika haufai msikitini, kanisani, mahakamani wala msibani. Kisha kuna unyevu. Turubai lililolowa likifungiwa kabatini Mombasa au Zanzibar huota ukungu kwa muda mfupi, na kuvu huhamia ndani ya lenzi na kuacha utando kwenye kioo usiotoka kwa kitambaa cha kufutia. Dawa yake ni rahisi: vifaa vitolewe, kizigeu kitolewe, mkoba uanikwe kivulini penye upepo mpaka ukauke hadi kwenye pindo.

Anayechagua mkoba na aanze na vifaa anavyobeba siku ya kazi, si vyote anavyomiliki. Kamera mbili na lenzi tatu hufika kilo nne au tano kwa urahisi, na mkoba mkubwa huomba kujazwa. Aupindue, atazame mkanda unaishia wapi. Aunyanyue kwenye mwanga aone kama kitambaa kinaonesha upande wa pili. Avute pete na kulabu kwa nguvu, pale dukani.

Ambaye bei ya F-2 au Billingham imemshinda, aende kwa fundi wa mahema au maturubai akiwa na kamera yake mkononi, ipimwe. Adai turubai la pamba lililo zito, mkanda wa upana wa sentimita tano upite chini ya kitako, uzi wa polista na vyuma vya shaba njano. Asimbane fundi kwenye bei, kwa kuwa mishono inayorukwa ili kupunguza gharama ndiyo itakayoachia kamera ianguke. Siku ya kuuchukua, aujaze vifaa vyote, auvae, atembee nao nusu saa, ndipo alipe salio.