Kuhudhuria kliniki siyo kushuka kwa presha

Ukiwa na VVU na presha kwa pamoja, unajua hesabu yake: kliniki mbili, foleni mbili, nauli mbili. Sasa kwa nini usitibiwe vyote mahali pamoja, siku moja? Swali hilo ndilo lililobebwa na utafiti wa INTE-AFRICA, uliotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2023. Ni utafiti mzuri, na mimi nauunga mkono. Ila kuna sentensi moja kwenye hitimisho lake ambayo nakuomba usiimeze bila kutafuna.

Kwanza, walifanya nini? Walichukua vituo vya afya 32, yaani 17 vya Uganda na 15 vya Tanzania, wakavigawa kwa bahati nasibu. Kwenye kundi moja la vituo, wenye VVU, kisukari na presha walikaa sehemu moja ya kusubiria, wakaonwa na wahudumu walewale na kuchukua dawa dirisha moja. Kundi la pili liliendelea na kliniki tofauti tofauti kama kawaida. Watu zaidi ya 7,000 walihusika, na matokeo yakaangaliwa baada ya miezi 12.

Matokeo ni haya. Kati ya wenye kisukari, presha au vyote viwili, waliobaki kwenye huduma walikuwa asilimia 89.0 kwenye vituo vya pamoja, na asilimia 89.8 kwenye vituo vya kawaida. Kwa wenye VVU peke yake, waliofubaza virusi walikuwa asilimia 97.0 na 97.3. Watafiti wakahitimisha kwamba huduma ya pamoja inaweza kuwapa wenye kisukari na presha huduma ya kiwango cha juu bila kuwaumiza wenye VVU.

Nusu ya pili ya sentensi hiyo imesimama vizuri. Hofu ilikuwa kwamba ukichanganya wagonjwa, kliniki ya VVU iliyojengwa kwa miaka mingi itayumba. Watafiti walijiwekea mpaka mapema: tofauti isizidi asilimia 10. Tofauti iliyopatikana haifiki hata asilimia moja. Hapo hatuna ugomvi.

Tatizo ni nusu ya kwanza. Kwa wenye presha na kisukari, utafiti haukupangwa kuonyesha kwamba huduma ya pamoja "haidhuru." Ulipangwa kuonyesha kwamba inawashika wagonjwa *zaidi* ya ile ya kawaida. Haikuonyesha hivyo. Namba ziko sawasawa. Kusema "tumefikia kiwango cha juu" ni kweli kwa mahudhurio, lakini kunafunika jambo la msingi: faida iliyotarajiwa haikuonekana.

Halafu tazama mizani zenyewe. Mwenye VVU amepimwa kwa damu yake: virusi vimeshuka au havijashuka? Mwenye presha amepimwa kwa miguu yake: bado anakuja kliniki au ameacha? Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anaweza kuja kila tarehe yake mwaka mzima, akapimwa 170 kwa 100, akaandikiwa dawa ileile, akarudi nyumbani. Kwenye jedwali huyo amebaki kwenye huduma, amefaulu. Kwenye mishipa yake ya ubongo hajafaulu chochote, kwa sababu lengo la kawaida ni kuwa chini ya 140 kwa 90. Presha na sukari zenyewe zilipimwa pia, lakini hazikuwekwa kuwa kipimo kikuu.

Tuwatendee haki watafiti. Asiyefika kliniki hapati dawa, kwa hiyo mahudhurio ni ngazi ya kwanza, na huwezi kuiruka. Pia mwaka mmoja ni muda mfupi kwa kuhesabu viharusi na figo zilizoharibika. Sawa. Lakini ngazi ya kwanza isiitwe ghorofa.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu VVU vyenyewe vilitufundisha. Kliniki zake hazikuridhika na kuhesabu waliokuja kuchukua ARV. Ziliuliza kama dawa inafanya kazi mwilini, na zikabadilisha tiba pale isipofanya. Mwenye presha anastahili swali hilohilo. Tukimkaribisha kwenye jengo moja na mwenye VVU lakini tukampima kwa rula fupi zaidi, tumeunganisha mabenchi tu.

Kwa hiyo siku ukisikia kwamba wizara au mradi fulani umeunganisha huduma na "wagonjwa wengi wanahudhuria," furahi, kisha uliza: wangapi presha yao imeshuka? Na asiyeshuka, nani alibadilisha dawa yake? Na kama wewe mwenyewe unahudhuria, usiondoke bila kuijua namba yako ya leo na ile unayotakiwa kuifikia.