Evie ya mabakuli mawili, maji ya bidoni

Plani za nyumba zinazozunguka kwenye simu zetu siku hizi karibu zote ziko na jiko moja: evie ya inoksi yenye mabakuli mawili, chini ya dirisha, robine imepinda kama shingo ya bata. Inapendeza macho. Lakini mi naona haikuchorwa kwa ajili ya Bunia.

Tupige hesabu. Bakuli la sentimita 40 kwa 40, kina 20, linabeba litri 32. Mawili, litri 64. Ukitaka kuyajaza, ni bidoni tatu za litri 20 na bado haijatosha. Mahali Regideso inafika, sawa. Lakini katika parseli nyingi za hapa kwetu maji inakuja juu ya kichwa ao juu ya pikipiki, na inalipwa. Ndiyo maana utakuta jiko jipya, robine kavu, na ndani ya evie wamepanga beseni mbili za plastiki. Beseni ndiyo inafanya kazi. Evie ni pambo.

Tena sufuria ya bugali ya familia yetu (tunajijua!) haiingii katika hayo mabakuli membamba.

Kitu kimoja ninasifu: evie inamtoa mama chini. Kuosha vyombo umeinama kila siku kunaua mgongo. Basi tubakize urefu, sentimita 85 ao 90, tuchukue bakuli moja pana, na sehemu kubwa ya kukaushia vyombo pembeni. Ya simenti iliyolainishwa ni bei nafuu, lakini ikipasuka inashika mafuta na harufu; kama uko na kidogo zaidi, chukua inoksi.

Sasa kinachonikasirisha mimi mtu wa agronomia: plani hazionyeshi maji machafu yanaenda wapi. Bomba linatoboa ukuta, linaishia hapo. Maji yanashuka kwa jirani, ugomvi unaanza; yakipita kwa jirani yanatafuta Nyamukau. Na shimo dogo la kushika mafuta, lenye changarawe, halafu mifereji kwenye migomba, si kazi ya siku nyingi. Mgomba unakunywa sana. Ila usimwage humo maji ya javeli, usiyapeleke kwenye lengalenga, na ubadilishe mfereji mara kwa mara, kwani sodiamu ya sabuni inafunga udongo.

Kabla ya kumpa fundi avansi, mwombe akuchoree hilo bomba mpaka mwisho wake.