Ufundi wa Kutoka Sokoni

Kununua hisa ni kazi nyepesi. Mtu hununua akiwa na matumaini, na matumaini hayahitaji mwalimu. Kuuza ndiko kunakomtoa jasho mwekezaji mdogo: akiuza leo, kesho bei inapaa; akingoja, inaporomoka. Wengi huishia kuamini kwamba soko lina kijicho nao. Kumbe kuuza ni ufundi wenye kanuni zake, na mafundi wake hawasifiwi vya kutosha.

Tazama hisa za Safaricom. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuzia umma robo ya kampuni hiyo: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa benki. Tarehe 9 Juni biashara ilipoanza katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ilipita shilingi 7. Kabla mwaka haujazunguka, ilikuwa imeshuka chini ya 3. Mwaka 2021 ilifika karibu 45. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15.

Katika njia hiyo ndefu hakuna aliyekosa la kujutia. Aliyeuza kwa 7 aliikosa 45. Aliyeuza kwa 3 alikula hasara. Aliyeiona 45 akasubiri 50, mwisho wa 2023 alikuwa bado anasubiri. Lakini bei pekee haitoshi kutuambia nani alikosea. Aliyenunua akitafuta karo ya muhula wa tatu, akauza kwa 7, alifanya kazi safi: fedha zake ziliongezeka kwa asilimia 40 na mtoto akarudi shule. Aliyeuza kwa 3 kwa kukabwa na deni alikosea mapema zaidi, siku aliyonunua kwa pesa isiyoweza kungoja.

Ndiyo maana fundi huweka sababu ya kutoka kabla ya kuingia. Chukua mtu mwenye hisa 900 alizonunua kwa shilingi 20. Daftari lake linasema: 300 nauza kwa 26, 300 kwa 30, na zilizobaki naziacha zipande, ila bei ikirudi nyuma shilingi 3 kutoka kilele chake, nazo zinaondoka. Ikianguka hadi 17 kabla ya yote hayo, nauza zote. Ameshapiga pia hesabu ya gharama: dalali na tozo wakichukua asilimia 2 anaponunua na 2 anapouza, mtaji wake haurudi mpaka bei ifike 20.82. Mistari hii michache imeandikwa akili ikiwa imetulia, ili isomwe siku ambayo akili haijatulia.

Siku hiyo huja kwa kila mtu. Mtafiti Terrance Odean alichunguza akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja Marekani, na mwaka 1998 akatoa matokeo: watu waliharakisha kuuza hisa zenye faida na kuzing'ang'ania zenye hasara. Tena, kwa wastani, zile walizouza ziliendelea kufanya vizuri mwaka uliofuata kuliko zile walizozikumbatia. Faida tunaiogopea isije ikayeyuka. Hasara tunaipa muda, kwa sababu kuuza ni kukiri.

Hata baada ya kuuza, mtihani haujaisha. Seremala akikabidhi kiti, kiti hakibadiliki. Muuza hisa huoneshwa bei mpya kila asubuhi. Mwanasayansi Isaac Newton aliuza hisa zake za kampuni ya Kiingereza, South Sea Company, mwaka 1720 akiwa na faida nzuri. Bei ilipozidi kupanda alishindwa kuvumilia, akanunua tena kwa bei ya juu, na zilipoanguka akapoteza fedha nyingi. Kuuza alijua, kukaa nje ndiko kulikomshinda.

Jambo la mwisho ambalo fundi halisahau ni mnunuzi. Bei iliyo kwenye skrini ya simu ni ya hisa zilizouzwa mara ya mwisho, wala si ahadi kwa zako. Kwenye kampuni ndogo za Nairobi au Dar es Salaam, unaweza kutaka kuuza hisa 10,000 ukakuta wanaotaka ni wa 300 tu. Bei inapoanguka ndipo wanunuzi huadimika zaidi. Anayetaka kuuza kileleni kabisa anamtafuta mtu atakayenunua pasipo kubaki na senti ya faida, na mtu huyo hapatikani kwa kupanga. Fundi huuza mapema kidogo, wakati wanunuzi bado wana sababu ya kununua. Faida anayowaachia ndiyo nauli ya kutoka, na aliyeiweka kwenye hesabu tangu mwanzo hailipi kwa kinyongo.