Mwendo Uliosomwa kwa Seli Zilizokufa: Ndigana Kali, Muguga na Kabete

Atokaye katikati ya jiji la Nairobi akaifuata barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi hupita Kabete, kisha akafika Muguga. Na katika sehemu hizo mbili lilichunguzwa jambo moja adhimu: vipi kimelea cha Theileria parva, kiletacho ndigana kali kwa ng'ombe, hukaa ndani ya seli nyeupe ya damu igawanyikayo bila kukoma, wala kisiachwe nyuma?

Mwaka 1964 Hulliger na wenzake wa Muguga, baada ya kuziotesha seli zilizoambukizwa, walibainisha kwamba kimelea hugawanyika sambamba na seli iliyokihifadhi, kikifuatana na nyuzi zile zile zivutazo kromosomu. Lakini kimelea huingiaje ndani ya seli, na kwa mtindo gani? Hilo lilingoja ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, iliyoasisiwa mwaka 1973 huko Kabete.

Don Fawcett, bingwa wa hadubini ya elektroni kutoka Harvard, na wenziwe walichapisha jawabu mwaka 1982. Walivichukua vimelea kutoka tezi za mate za kupe, wakavichanganya na seli za ng'ombe, kisha, kila baada ya muda maalumu, wakazigandisha seli kwa dawa na kuzikata vipande vyembamba mno. Kila kipande kilikuwa cha seli iliyokwisha kufa. Walakini vilipopangwa kwa saa vilisimulia safari nzima: kimelea hakitoboi kwa ncha, bali hugusa kwa upande wowote, utando wa seli ukakifunika, na baada ya kitambo kifupi utando huo huyeyuka na mikrotubuli (vijirija vyembamba) za seli hukizunguka.

Hapana budi kukiri mpaka wa njia hii. Kipande kimoja hakisemi kama mikrotubuli zilikua kukielekea kimelea au zilivutwa, wala seli elfu hazionyeshi mapito ya seli moja. Ndiyo maana ilihitajika protini ya kijani ya kiwavuwavu, ambayo wagunduzi wake walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na ambayo huunganishwa na protini ya seli ili mwendo wake uonekane katika seli iliyo hai. Hata hivyo nuru nayo ina gharama: ikizidi huidhuru seli, na mtazamaji huishia kuangalia maumivu akidhani ni maisha, kwa hiyo nuru hupunguzwa, picha huchukuliwa kwa nukta fupi, na joto la mwili hulindwa.

Mwaka 2010 Dirk Dobbelaere, aliyewahi kufanya kazi Kabete, na wenziwe wa Bern, Uswisi, walionyesha kwamba kimelea cha Theileria hujivutia protini Plk1, miongoni mwa zinazoongoza mgawanyiko wa seli, na kuzishika nyuzi zile zivutazo kromosomu. Hivyo dhana ya Muguga ilipata sababu yake. Kwa yakini, atazamaye seli hai leo na auweke kando yake mpangilio wa Kabete: filamu humpa mapito, vipande humpa umbo la kilichopita.